Kitabu cha Tatu ni cha Waliopata Kipaimara

Katekista wetu alijua njia moja tu ya kupanga binadamu: wasiobatizwa, waliobatizwa, waliopata komunyo, waliopata kipaimara, na marehemu. Hao wa mwisho ndio pekee waliokuwa hawamsumbui. Kwa njia hiyohiyo alipanga mabenchi ya kanisani, zamu za kufyeka majani na mstari wa kupokea maziwa ya unga. Kwa hiyo sanduku la vitabu vya piano lilipoangukia mikononi mwake, sijui kwa nini sisi tulitegemea afanye maajabu mengine.

Sanduku lenyewe lilikuwa la sista mmoja mzungu, mzee, aliyechoka na baridi yetu ya Kasulu akarudi kwao kufia kwenye baridi aliyoizoea. Alituachia piano katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Ukungu wa huku kwetu juu ulikuwa umeingia ndani ya mbao zake, basi vibao vingine ukivibonyeza vinabaki chini vimenuna mpaka uvinyanyue kwa kucha. Vitabu vilikuwa vya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Paroko alisema ni Kiholanzi. Katekista akasema hata kama ni Kiholanzi, noti ni noti, na mwenye kazi ya kuzigawa sasa ni yeye.

Niseme haki: alikuwa anaijua do-re-mi. Aliweza kuifundisha kwaya nzima sauti nne, tena bila karatasi. Ila kwenye mistari mitano ya wazungu alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kinanda cha kanisani alikipiga kwa mkono wa kulia; wa kushoto ulikuwa wa kutishia watoto.

Yule sista alipokuwepo, alikuwa hagawi vitabu. Alikuwa anashika mkono wako, anautandaza kama anapima kitambaa, anakwambia upige kitu chochote unachokijua, halafu anafumba macho. Akishafumbua anachagua ukurasa. Si kitabu, ukurasa. Mtoto mmoja anaweza kuwa na ukurasa wa kitabu cha kwanza kwa ajili ya vidole vyake na wa kitabu cha pili kwa ajili ya masikio yake. Mimi alinisikiliza, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Alipofumbua alinipa kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza, wenye picha ya bata.

Mdogo wangu wa kike, sista alimweka katikati ya kitabu cha pili. Alikuwa darasa la tano, mwembamba, na ana kigugumizi. Si kigugumizi cha kuona haya. Ni kile ambacho neno likifika mlangoni linakataa kutoka, shingo inakaza, macho yanatoka, na watu wanaanza kumsaidia kwa kumtajia maneno ambayo siyo. Mimi nilikuwa bingwa wa kumwigiza. Shuleni walikuwa wakiniomba mapumziko yote, na nilikuwa naongeza mate. Lakini akikaa kwenye piano hakuna kibao kilichomgomea, hata vile vilivyonuna. Ilikuwa inaudhi kidogo.

Basi, sista kaondoka. Jumamosi ya kwanza katekista akatupanga kwenye benchi, akafungua sanduku, akatoa marundo matatu. Alivitazama vitabu kwa muda. Cha kwanza kina picha na noti kubwa kubwa kama karanga. Cha pili hakina picha. Cha tatu kimeiva weusi, noti zimejazana kama chawa kwenye blanketi la bweni. Akapata mwanga usoni. Akasema cha kwanza ni cha wanaojiandaa kwa komunyo, cha pili ni cha waliokwisha kupokea, cha tatu ni cha waliopata kipaimara.

Mtu mmoja akauliza kwa nini. Nadhani ni mimi.

“Noti nyingi namna hii zinataka mapaji ya Roho Mtakatifu,” akasema, akinionyesha ukurasa. “Utazibebaje na huna mapaji?”

Hakuwa anatania. Ndivyo alivyoona maisha yake yote: mtoto anaanza na Ishara ya Msalaba, anakwenda na Baba Yetu, anafika Nasadiki, na kila hatua ina kitabu chake na mtihani wake. Kwa nini piano iwe nje ya utaratibu? Mimi mwaka ule askofu alikuwa amepita, na nilikuwa nimepata kipaimara kwa kutazama midomo ya jirani yangu. Kwa hiyo mimi wa bata nikakabidhiwa kitabu cha tatu. Mdogo wangu, aliyekuwa anaanguka mtihani wa komunyo kila ulipokuja, alinyang’anywa kitabu cha pili akapewa cha kwanza, akaketishwa na watoto waliong’oka meno ya mbele.

Aliangukaje? Mtihani wa komunyo ni wa kusema. Katekista anauliza swali kutoka katekisimu, wewe unajibu neno kwa neno. Mdogo wangu alikuwa anayajua maswali yote na majibu yote, mpaka ya darasa la kipaimara. Katekista anauliza, yeye anafungua mdomo, jibu linagoma, wenzake wanaanza kucheka taratibu, katekista anangoja kwa upole kabisa, anangoja, halafu anasema, “Bado hajaiva. Anayefuata.”

Sasa nyumbani kitabu cha tatu kilikuwa kwangu, maana waliopata kipaimara waliruhusiwa kwenda nacho. Mdogo wangu alikuwa anakitazama kama paka anavyotazama samaki wa migebuka wakianikwa. Mimi si mchoyo. Niliweka masharti. Ukurasa mmoja ni kuniteka maji. Ukurasa wenye noti za kuruka ni kufua sare yangu na kunichungia mbuzi siku ninayotaka kwenda kuangalia mpira. Hakubishana, kubishana kwake kungechukua wiki. Alichora vibao kwa mkaa kwenye ubao ambao mama alikuwa anaanikia mihogo, akawa anapiga pale bila sauti, kichwa kimeinama. Mama akageuza ubao aanike upande wa pili; huo nao ulikuwa umeshachorwa. Tukala ugali wenye mkaa mkaa, na baba akauliza kama mihogo ya mwaka ule imeungua.

Kwenye piano ya kweli alipata nafasi kwa sababu ya kufuta vumbi. Kila asubuhi kabla ya shule msichana mmoja alitakiwa kufuta vumbi kile chumba, na wengine hawakutaka kwa vile maji ya kudekia yalikuwa ya baridi ya kukata vidole. Yeye akachukua zamu za wote. Vumbi la chumba kile lilifutwa kuliko la altare.

Hayo yaliendelea mpaka tulipofunga muhula wa pili. Ndipo akaja sista mwingine kwa Landrover, mkubwa wa shule ya bweni ya masista huko mbali, njia ya reli. Alikuwa Mwafrika, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha mvua. Alisema shule yake ina piano na mwalimu, anatafuta msichana mmoja kutoka parokia yetu, amfundishe hasa, mpaka naye aweze kufundisha wengine. Nafasi ni moja. Ataanza Januari. Angependa kuwasikia wote.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Sijapata kuona mtu anataka kitu namna ile, na mimi nimeshakaa na wazee wakisubiri pombe ichujwe.

Katekista alianza na kitabu cha tatu, ili mgeni aone matunda. Yaani alianza na mimi, ingawa ni mvulana. Nilipiga. Nitasema tu kwamba mbwa wa paroko alitoka. Sista akauliza kama kuna mwingine. Katekista akamleta binti wa mwenye mashine ya kusaga, msichana mzuri, mpole, wa kitabu cha pili, ambaye alipiga kama anahesabu madebe ya mahindi: moja, nyingine, nyingine. Hakukosea. Sista akatikisa kichwa kwamba sawa, si vibaya.

“Hao wengine ni wadogo,” akasema katekista. “Wa kitabu cha kwanza.”

Sista akasema hata wadogo wana masikio. Basi wakapita na bata wao, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika zamu ya mdogo wangu. Mimi wiki ile nilikuwa nimechapwa na katekista kwa kuiga anavyoimba Kilatini, na bado nilikuwa nakalia upande mmoja. Kwa hiyo alipokaa, nikapita kama ninayemwekea vizuri kitabu, nikaondoa bata, nikaweka kitabu cha tatu. Niliuchagua ukurasa mchafu kuliko zote. Nilitaka kumwona katekista akibadilika rangi, lingine sikuliwaza.

Mdogo wangu aliutazama ukurasa. Akaunyanyua kwa ukucha kibao kimoja kilichonuna, kwanza, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu kabla ya kukimbia. Halafu akapiga.

Siwezi kueleza muziki, nilishasema mimi ni wa bata. Naweza kueleza watu. Binti wa mashine aliacha mdomo wazi. Wale wasio na meno waliacha kusukumana. Sista alisogea taratibu mpaka akasimama nyuma yake, akafumba macho kama yule mzungu. Na katekista kweli alibadilika rangi, ila si ile niliyoitaka. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwake akakuta mbuzi wamelala kitandani.

Ulipokwisha, sista akamuuliza jina. Swali jepesi kuliko yote duniani. Shingo ikakaza. Tukangoja. Nyuma yangu mtu akaanza kucheka pua, na wengine wakamfuata, kwa mazoea tu. Sista akawageukia, wakakatika. Lakini katekista alikuwa tayari ameshamjibia.

“Huyu bado hajapata komunyo, Sista.”

Sista akauliza komunyo inahusiana nini na vidole. Katekista akamweleza utaratibu wake wote, vitabu na sakramenti, bila kona wala aibu. Sista akacheka kwa tumbo zima, sisi wote tunaona. Nilifurahi sana. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kile kicheko kilikuwa ghali, na si aliyecheka aliyekilipia.

Sista akasema anamtaka huyu. Ila shule yake nayo ina utaratibu: kila msichana anakuja na cheti cha komunyo ya kwanza, masista wa juu hawalegezi. Mpimeni, akasema, mnipatie cheti, Januari namngoja. Nisipomwona, nitampokea yule wa kitabu cha pili. Akapanda Landrover akaacha vumbi jekundu.

“Utapimwa,” katekista akamwambia mdogo wangu. “Mbele ya watu wote, wasije wakasema nimekuonea.”

Nyumbani mama alianza kufagia pasipo na taka. Baba alisema msichana akienda bweni, maji atateka nani. Alinitazama mimi. Nikaona hatari iliyopo, nikaunga mkono elimu kwa nguvu ndogo zaidi.

Kila jioni nilimuuliza mdogo wangu maswali ya katekisimu kwa sauti ya katekista, mikono nyuma, tumbo mbele. Mara ya kwanza aligoma kwenye neno la kwanza kabisa. Halafu nikaona vidole vyake vinacheza juu ya paja, kama pale kwenye ubao wa mihogo, na jibu likatoka. Lote. Nikauliza lingine, vidole vikacheza, likatoka. Alikuwa anasema jibu kama anasoma noti, kila silabi na kidole chake. Alisikika kama redio yenye betri inayokwisha, lakini alisikika. Nilimwambia ni uchawi. Akaniambia, kwa vidole, “Kaka, ni hesabu tu. Wewe huwezi.”

Siku ya mtihani kanisa lilijaa kama Krismasi. Watu wa vigango, vile vikanisa vya vijijini, walikuja, hata akina mama waliokimbia vita vya ng’ambo ya mpaka, waliokuwa wamepewa mashamba upande wa bondeni, walikaa nyuma na watoto mgongoni. Hakuna aliyekuja kumwombea. Walikuja kusikia kigugumizi.

Katekista akauliza swali la kwanza. Vidole vikaanza kwenye paja. Jibu likatoka, zima. Akauliza la pili, likatoka. Watu wakaanza kujisogeza wakiwa wamekasirika kidogo, kama waliolipa kiingilio wakakuta mpira umeahirishwa. Hapo katekista akaona mkono.

“Mikono nyuma,” akasema. “Hatumjibu Mungu tukijikuna.”

Akaweka mikono nyuma. Swali la tatu. Shingo ikakaza. Kimya kikawa kirefu, mtoto mmoja nyuma akaanza, m-m-m-m, lile igizo langu, na mate yake yote, na kanisa likalipuka. Mama alikuwa mbele. Hakugeuka. Katekista alisubiri kwa upole wake uleule. Akafungua mdomo aseme bado hajaiva.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, chini, ndiyo maana niliona miguu. Alikuwa peku. Vidole vya mguu vikaanza kupiga sakafu, kimoja kimoja, juu ya saruji ile baridi. Na jibu likatoka. Akajibu swali la tatu kwa mguu wa kulia na la nne kwa wa kushoto, akajibu Amri za Mungu na za Kanisa, akajibu mpaka maswali ya kipaimara ambayo hakuulizwa, hakuweza kukoma tena, na watu wakaacha kucheka kwa sababu hakukuwa na nafasi ya kuingizia kicheko.

Katekista alifunga katekisimu. Sikumpenda, lakini hakuwa mwongo. Alisema kwa sauti ya kanisa zima kusikia, “Amefaulu.”

Mama akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akajiziba mdomo.

“Atapokea komunyo ya kwanza na wenzake,” katekista akaendelea, “siku ya Pasaka, kama ilivyo kawaida.”

Pasaka ni Aprili. Shule ni Januari. Mama akasimama katikati ya kanisa akauliza taratibu kama haiwezekani kabla. Katekista akasema, pasipo ukali wowote, kwamba komunyo ya kwanza hutolewa Pasaka, kwa wote pamoja, na gauni jeupe, na picha. Ilikuwa hivyo kwa babu zetu. Angeanzaje kumtoa mmoja mstarini.

Mama hakulala nyumbani kesho yake. Alinichukua mimi, tukapanda lori la maharage kwenda Kibondo, ambako paroko alikuwa anazungukia vigango. Tulikaa juu ya magunia, mvua ikatunyeshea tangu tulipoacha mji mpaka tulipoteremka. Nilimchekesha mama njia nzima; hakucheka hata mara moja. Tulimkuta paroko anakula. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, akiwa ameshika kipande cha kuku, akitikisa kichwa kwa huruma kabisa. Alisema amesikia habari za mtoto, Mungu amempa kipaji. Halafu akasema:

“Mama, mimi ni mmoja na parokia ni kubwa hivi. Inasimama kwa makatekista. Nikimvunjia huyu neno lake mbele ya watu, nani atanisomea ibada Jumapili?”

Akatupa chai. Ilikuwa na maziwa. Mama aliinywa yote, akashukuru, akafunga khanga yake, tukatoka kwenda kutafuta lori la kurudi.

Januari binti wa mwenye mashine ya kusaga aliondoka na sanduku jipya la bati. Alilia sana, hakutaka kwenda. Alimuuliza mdogo wangu kama huko piano ni ileile au ina vibao vingi zaidi. Mdogo wangu akatikisa kichwa kwamba hajui, akamshikia sanduku mpaka kwenye lori.

Pasaka ikafika. Gauni jeupe lilikuwa la kuazima, refu, likafungwa kwa pini kiunoni. Akapokea. Akapigwa picha na wenzake waliomfikia kifuani. Jumamosi iliyofuata, katekista akatupanga kwenye benchi. Alikuwa amefurahi kwelikweli, nadhani alikuwa ameingojea siku ile kuliko sisi. Akafungua sanduku, akatoa kitabu cha pili, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akamwita mbele.

“Leo umestahili,” akamwambia. “Tuanze ukurasa wa kwanza. Usiwe na haraka.”

Tukaambiwa tupige makofi, tukapiga. Mdogo wangu alipiga goti kidogo, akakipokea kwa mikono miwili. Akakaa kwenye piano, akakifungua ukurasa wa kwanza, na akaupiga kama ulivyoandikwa, polepole, huku katekista akimhesabia kwa fimbo: moja, mbili, moja, mbili.